Lenzi haioni kitu, kifaa kinasema kuna ufa: nimwamini nani?

"Mimi ni mmoja wa wenye ndege ya shule ya urubani pale Wilson, Nairobi. Ni Piper PA-28-181 ya mwaka 1979, ina saa 9,200 za kuruka. Fundi wetu alisema ni lazima matundu ya boliti za bawa yakaguliwe kwa edi karenti. Akaja mtu na kisanduku chenye skrini na kijiti kama kalamu, akayapitia matundu manne. Matatu akasema safi. La nne akasema lina dalili ya ufa, akaikataa ndege. Tumelimulika kwa tochi na lenzi inayokuza mara 10, hatuoni kitu. Fundi wetu akapaka rangi ya kupenya, nayo haikuonyesha chochote. Ndege haijawahi kupata ajali na bawa halina kutu. Je, kifaa hakiwezi kukosea? Mtu mmoja anatushauri tulipitishie tundu hilo rima kidogo, kile kifaa cha kukwangulia matundu, lipanuke, kisha lipimwe upya. Mwingine anasema tununue kifaa chetu mtandaoni, au tutafute zile skana kubwa za ndege za abiria. Ndege imesimama wiki ya tatu na wanafunzi wanadai ada zao."

Ndugu yangu, poleni na ndege iliyolala. Nitoe jibu kwanza, maelezo yafuate. Ndiyo, kifaa kinaweza kukosea. Lakini katika tundu hilo, lenzi na rangi ya kupenya hazina uwezo wa kukisahihisha. Msilipitishie rima na msiirushe ndege. Kilichobaki ni kujua kama alichokiona yule mkaguzi ni ufa au ni kitu kingine kinachojifanya ufa, na hilo lina njia yake ya kujulikana.

Najua kinachouma. Mmeangalia kwa macho yenu mkaona tundu zuri linalong'aa, halafu mtu mmoja anawaonyesha nukta inayoruka kwenye skrini na kuwaambia bawa ni bovu. Ni vigumu kulipia kitu usichokiona. Kwa hiyo ngoja nieleze kwanza kwa nini ni matundu hayo na si mengine.

Tarehe 4 Aprili 2018, huko Daytona Beach, Florida, ndege ya mafunzo aina ya Piper PA-28R-201 iligusa njia ya kurukia, ikapaa tena, na muda mfupi baadaye bawa la kushoto likachomoka. Mwanafunzi na mtahini wake walikufa. Ndege ilikuwa na saa zipatazo 7,690, chache kuliko za kwenu. Wachunguzi wa NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, walikuta kwamba zaidi ya asilimia 80 ya ukingo wa chini wa boriti kuu ya bawa, ile mafundi wanayoiita spaa, ulikuwa umeshakatwa na uchovu wa metali kabla ya siku ile, na ufa ulianzia kwenye tundu la boliti. Sasa sikiliza sehemu inayowahusu ninyi. Bawa la kulia, ambalo halikuchomoka, nalo lilikuwa na ufa kwenye tundu la mahali palepale. Kina chake kilikuwa milimita 1.2 tu. Ndege nyingine ya aina hiyo, ya chuo hichohicho, ilipokaguliwa nayo ikakutwa na nyufa.

Bawa likiwa angani hupinda kwenda juu. Ukingo wa juu wa boriti unabanwa, ule wa chini unavutwa. Tundu la boliti kwenye ukingo wa chini ni mahali ambapo mvutano hujikusanya, kama maji yanavyobanana yanapopita kando ya nguzo ya daraja. Kila kona kali, kila mtikisiko wa hewa ya mchana, kila kutua kwa mwanafunzi anayejifunza, ni mvuto mmoja zaidi. Haihitaji ajali wala kutu. Kwa hiyo historia safi ya ndege yenu ni jambo la kushukuru, ila hailiondoi tundu hilo kwenye orodha.

Ndiyo maana agizo la FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, namba AD 2020-26-16, halihesabu saa za ndege kama zilivyo. Linazipima kwa namna ndege ilivyotumika, na kipimo chake ni ule ukaguzi wa kila saa 100 ambao ndege za shule na za kukodisha hulazimika kufanya. Idadi ya kaguzi hizo unaizidisha kwa 100, kisha saa zilizobaki unazigawa kwa 17, unajumlisha. Tuseme yenu imefanyiwa kaguzi 61: hizo ni saa 6,100. Zinabaki saa 3,100, ukizigawa kwa 17 unapata 182. Jumla 6,282. Kizingiti ni 5,000. Ndege ya mtu binafsi yenye saa 9,200 hizohizo, iliyofanyiwa kaguzi chache za aina hiyo, ingeweza kuwa mbali kabisa na kizingiti. Rudieni hesabu hiyo kwa vitabu vyenu halisi, na muulize KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, kama agizo limefanyiwa mabadiliko yoyote, maana maagizo ya namna hii husahihishwa na kurithiwa na mengine.

Tuje kwenye kijiti. Ndani ya ncha yake kuna koili ndogo ya waya, ndogo kuliko punje ya dengu. Kisanduku kinapitisha humo umeme unaogeuza mwelekeo mara laki kadhaa kwa sekunde. Kwa tundu la alumini kama lenu mara nyingi ni kilohezi 500, yaani mara laki tano kwa sekunde. Umeme huo unazaa uga wa sumaku, na uga huo unapoigusa alumini unaamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme inayozunguka duara. Michael Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba sumaku inayobadilika huzaa umeme. Léon Foucault akaifanya mizunguko hii ijulikane mwaka 1855, na wenzetu wa Bujumbura na Kinshasa waliosomea Kifaransa wanaiita mpaka leo mikondo ya Foucault. Hapa kwetu karakanani ni edi karenti, basi.

Mikondo hiyo nayo ina uga wake wa sumaku, unaoupinga ule wa koili. Koili inauhisi upinzani huo, na kisanduku kinauchora kama nukta kwenye skrini. Alumini ikiwa nzima, nukta inatulia. Ukifika kwenye ufa, mikondo haiwezi kuruka pengo. Inalizunguka, njia inakuwa ndefu, upinzani unapungua, nukta inapanda. Hakuna picha ya ufa hapo. Kinachopimwa ni usumbufu wa umeme uliokuwa unazunguka kwa amani.

Ona basi kifaa hakijui neno "ufa". Kinajua tofauti tu. Anayekifundisha ni mkaguzi, kwa kutumia kipande cha kulinganishia: kipande cha alumini ya aina moja na ya ndege, chenye tundu la kipenyo kilekile, na ndani yake mkato mwembamba uliochongwa kwa cheche za umeme kwa kina kinachojulikana. Mkaguzi anapitisha probu, yaani kile kijiti, kwenye mkato huo, anaona nukta inapanda hadi wapi na kwa pembe gani. Anaiinua probu kidogo, anaona nukta inakimbilia wapi inapoachana na metali. Huo mwelekeo anaulaza kando, ili ufa upande juu na mtikisiko wa mkono uende pembeni. Baada ya hapo ndipo anaingia kwenye tundu lenu. Kila alichowaambia kimesimama juu ya kipande hicho. Kama kilikuwa cha aloi nyingine, au tundu lake lilikuwa pana zaidi, maneno yake yote yanayumba, yakiwemo yale matatu ya "safi".

Kuna jambo jingine kuhusu frikwensi, yaani umeme unageuka mara ngapi kwa sekunde. Mikondo hii hupenda kukaa juu juu ya metali. Katika aloi ya alumini iitwayo namba 2024, kwa kilohezi 500, nguvu yake imeshashuka hadi asilimia 37 ikifika kina cha milimita 0.17, unene wa karatasi mbili hivi. Ukishusha hadi kilohezi 1, kina hicho kinafika karibu milimita 3.8, lakini mikondo inatawanyika na vitu vidogo havionekani tena. Kwa ukuta wa tundu tunataka frikwensi ya juu, kwa sababu ufa wa uchovu huanzia palepale ukutani au kwenye ukingo wa tundu. Nasema hivi ili ujue kwamba mtu aliyekuja na kifaa kizuri lakini frikwensi mbaya amekuja na nusu ya kifaa.

Sasa lenzi na rangi. Ufa wa uchovu kwenye alumini isiyovutwa hujifunga. Ndege ikiwa chini, bawa limelegea, midomo ya ufa inakutana, na ndani ya tundu jembamba tochi yako inaupiga ukuta kwa pembe inayoficha zaidi ya inavyoonyesha. Rangi ya kupenya inahitaji mdomo uliofunguka, mkavu na safi. Tundu ambalo boliti imekaa humo miaka 40, limekunywa mafuta, grisi na dawa ya kuzuia kutu. Kama kuna ufa, yamkini umeshajaa. Rangi itaingilia wapi? Tena kuisambaza sawasawa ukutani mwa tundu na kuifuta bila kuiondoa kule tunakoihitaji ni kazi ngumu hata kwa aliyeizoea. Fundi wenu hakufanya ujinga, ametumia alichokuwa nacho. Ila rangi ikinyamaza hapo, kimya chake hakina uzito.

Kuna tukio la mwezi uleule wa Daytona linaloonyesha hili vizuri. Tarehe 17 Aprili 2018, injini ya CFM56-7B ya ndege ya Southwest, safari namba 1380, ilikatika panga moja la feni angani, vipande vikaharibu dirisha na abiria mmoja akafa. Panga lilikatwa na ufa wa uchovu. Mara ya mwisho lilipokaguliwa karakanani, mwaka 2012, lilipimwa kwa rangi inayong'aa kwenye mwanga wa urujuanimno, na ufa haukugunduliwa. Baada ya panga jingine la aina hiyo kukatika mwaka 2016, watengenezaji walikuwa wameshabadilisha utaratibu wakaweka edi karenti, lakini panga hili lilikuwa limeshapita kabla ya hapo. Rangi ina mahali pake, na ninaitumia. Kwenye ufa mwembamba uliobanwa, edi karenti inaizidi.

Baada ya kukisifu kifaa hivyo, nikiseme. Tundu linaweza kumdanganya mkaguzi kwa njia nyingi. Boliti iliyong'olewa kwa nyundo huku bawa likiwa halijategemezwa vizuri huacha mkwaruzo mrefu ukutani, na mkwaruzo huo unafuata urefu wa tundu, kama ufa unavyofanya. Chembe ya chuma iliyonata humo, kwa kuwa inavutwa na sumaku, inaweza kurusha nukta kuliko ufa wowote. Ukingo wa tundu wenyewe ni mwisho wa metali, na mikondo ikifika mwisho wa metali husumbuka hata kama hakuna ubaya. Panapokutana tabaka mbili, kuna ishara. Shimo dogo la kutu pia linatoa ishara, ila hilo nisingeliita udanganyifu, maana ni mlango wa ufa. Na mkono ukichoka, probu inainama.

Yamenikuta mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, kwenye karakana ambayo haina haja ya kutajwa, nilikataa tundu moja nikiwa na uhakika wote wa dunia. Ishara ilikuwa kali, inajirudia, iko mahali pamoja. Bosi wangu, mzee aliyekuwa hapendi maneno, alichukua kijiti cha mbao, akakizungushia kitambaa chenye kiyeyusho, akakisukuma ndani ya tundu na kukitoa. Kwenye kitambaa kulikuwa na uzi wa chuma mwembamba kuliko kope. Nilipopima tena, nukta ikalala. Akaniambia niandike zote mbili, ya kwanza na ya pili, na nisifute. Aibu ile imenisaidia kuliko kozi zote nilizohudhuria.

Kwa hiyo muulizeni mkaguzi wenu maswali, naye hatakasirika kama ni mtu wa kazi. Tundu lilisafishwaje kabla ya kupima, na je, alipima tena baada ya kulisafisha mara ya pili? Ishara ilikuwa kwenye kina kimoja tu au iliifuata probu ilipoenda chini hatua kwa hatua? Ufa wa kweli huonekana kwenye vina kadhaa vinavyofuatana, kwa pembe ileile. Iliangalia upande gani? Kwa kuwa boriti inavutwa kutoka kwenye mzizi wa bawa kuelekea ncha, ufa wa uchovu hupenda kuanzia pande za tundu zinazotazama mbele na nyuma ya ndege. Ishara inayotazama ncha ya bawa siidharau, ila ingenifanya nitafute mkwaruzo kwanza. Na iwe ameandika: kipande gani cha kulinganishia, frikwensi gani, nukta ilifika wapi kwenye mkato bandia na ilifika wapi kwenye tundu lenu. Ripoti yenye neno moja tu, "imekataliwa", haitoshi kusimamisha ndege wala kuirusha.

Hapo kwenye upande wa tundu kuna kichekesho chetu wenyewe. Wakaguzi huandika upande kwa mfano wa uso wa saa. Niliwahi kuona ripoti imeandikwa "ishara saa tatu". Aliyeandika alikuwa anamaanisha namba 3. Aliyeisoma, Mswahili mwenzetu, akasoma saa tatu asubuhi kama tunavyosoma sote, mkono ukiwa kwenye 9, akatumia nusu siku kusaka ufa upande wa pili wa tundu. Waambieni waandike "namba 3 ya uso wa saa", na wachore mshale unaoonyesha mbele ya ndege ni wapi.

Kuhusu rima nitakuwa mkali kidogo, unisamehe. Tuseme kweli kuna ufa wa milimita 1.2, kama ule wa Daytona. Mkipanua tundu kwa kumega milimita 0.2 ukutani, ufa umebaki na milimita 1, na ncha yake, ambayo ndiyo inayokua, hamjaigusa. Mmeongeza kipenyo cha tundu, mmepunguza metali iliyobaki hadi ukingoni, na boliti haikai tena kwa ubano uliopangwa. Rima butu pia hulainisha alumini na kuipaka juu ya mdomo wa ufa. Na kama ilikuwa mkwaruzo tu, mmeharibu ushahidi ambao ungewaokoa. Ni kweli kwamba kwenye ndege kubwa kuna matengenezo ambapo tundu hupanuliwa hatua kwa hatua na kupimwa kila hatua mpaka ishara iishe, kisha linapanuliwa zaidi kidogo kwa usalama. Hayo hufanywa kwa mchoro na hesabu zilizoidhinishwa za ndege hiyo, na kwa boliti ya saizi iliyopangwa. Huyo anayewashauri anao mchoro? Agizo lenyewe kwa ndege yenu liko wazi: ufa ukithibitika, boriti kuu inabadilishwa na kuwekwa mpya yenye saa sifuri kabla ya kuruka tena. Ni gharama nzito, najua, na huenda ndiyo inayofanya rima ionekane tamu.

Kununua kifaa. Mtandaoni utakuta vitu vinavyofanana na hicho kisanduku: vya kupima unene wa rangi, vya kupima upitishaji umeme wa metali, na vingine vya kutafutia dhahabu mchangani. Vyote vina koili, na hakuna hata kimoja kitakachowasaidia. Vifaa halisi vyenye skrini ya nukta vipo, na mtu mwenye fedha anaweza kuagiza. Kisha atahitaji probu ya kipenyo cha tundu lake, kipande cha kulinganishia cha tundu hilo, cheti cha usahihi kinachohuishwa, na mtu. Huyo mtu ndiye kazi. Ukaguzi huu unataka mtu aliyefikia daraja la 2 au la 3 la edi karenti kwa viwango kama NAS 410 cha Marekani au EN 4179 cha Ulaya: darasa, saa nyingi za vitendo chini ya msimamizi, mitihani, na macho yanayopimwa kila mwaka. Leseni ya fundi wa ndege pekee haimpi mtu daraja hilo. Kwa shule yenye ndege moja, au hata tano, hesabu haikubali. Afadhali mkutane na wenye PA-28 wengine pale Wilson, mumlete mkaguzi siku moja kwa ndege zote na kugawana nauli yake.

Skana kubwa nazo ni habari nyingine. Zile unazoziona kwenye video, zenye koili nyingi zilizopangwa safu, zimezaliwa na shida ya ndege za abiria: maelfu ya ribiti kwenye maungio ya ngozi ya mwili wa ndege. Tarehe 28 Aprili 1988, Boeing 737-200 ya Aloha Airlines huko Hawaii, yenye mizunguko 89,680 ya kupaa na kutua, ilifunuka paa la mbele angani kwa sababu ya nyufa ndogondogo zilizoungana kwenye mstari wa ribiti. Mhudumu mmoja alipotea. Abiria mmoja alikuwa ameuona ufa wakati wa kupanda, hakumwambia mtu. Mtu anayepitisha kalamu ribiti moja moja, usiku, juu ya jukwaa, huchoka na kuruka baadhi, skana haichoki. Ninyi mna matundu manne. Skana inayowafaa ni ndogo: mota ya mkononi inayoizungusha probu ndani ya tundu kwa kasi na kuchora ishara zote kwa mstari mmoja, ili ionekane iko pembe gani na kina gani. Kama mkaguzi wa kwanza alizungusha kwa vidole, muombeni wa pili aje na hiyo. Haitakuwa na macho makali kuliko kalamu, ila mkono hautetemeki na picha inahifadhiwa.

Nimesema wa pili, na nimekusudia. Maoni ya mtu wa pili hapa ni haki yenu, si matusi kwa wa kwanza. Ila awe na daraja sawa au la juu, ikiwezekana wa daraja la 3, na mkubaliane mapema kwamba mkitofautiana, mhandisi wa daraja la 3 ataziweka ripoti zote mbili mezani na kuamua. Mtego ninaouona mara nyingi ni mwenye ndege kutafuta wakaguzi mpaka ampate atakayesema "safi", kisha kuzificha karatasi za wengine. Kisayansi pia haifai. Uwezo wa ukaguzi tunaupima kwa ukubwa wa ufa utakaogunduliwa mara 90 kati ya 100, tena kwa uhakika wa asilimia 95. Maana yake hata mtu mzuri huukosa ufa mara nyingine, hasa ulio mdogo. Ukiwaita watu wa kutosha, ipo siku mmoja ataukosa.

Kwa sababu hiyohiyo, neno "safi" kwa yale matundu matatu lina maana moja tu: siku ile, kwa kifaa kile, hapakuwa na kitu kikubwa kuliko mkato wa kulinganishia. Hilo linatosha kwa agizo. Haliwapi miaka 40 mingine.

Msifanye haya kwa simu na picha. Mimi nikiwa huku siwezi kuwaambia tundu lenu lina nini, na mtu yeyote atakayetazama video ya skrini na kutoa hukumu, mtilieni shaka. Wasilianeni na mkaguzi wa ustahiki wa ndege wa KCAA mumweleze mlipofikia. Ni bora asikie kwenu. Boliti zilizotolewa mziweke kwa mpangilio na kibandiko cha tundu lake, maana nazo ni chuma na zinastahili kupimwa kwa njia ya unga wa sumaku kama hati za matengenezo zinaelekeza hivyo au kama hazitabadilishwa. Bawa libaki limetegemezwa. Tundu lisiguswe na sandpepa wala brashi ya waya. Kitambaa laini na kiyeyusho kinachokubalika, basi.

Na huyo mkaguzi wa pili akifika, msimwambie ni tundu lipi lililokataliwa. Mwacheni ayapime yote manne kama vile hakuna aliyetangulia, aandike, atie sahihi. Ndipo mtoe ripoti ya kwanza mkaziweke pamoja. Wakikutana kwenye tundu lilelile, pembe ileile, kina kilekile, anzeni kuulizia bei ya boriti.